Ukiachia Inazima

"Hivi shoga, na masikio nayo yamekaa eda?"

Bibiana aliuliza hivyo siku moja akipepeta mchele, wala hakuinua uso. Nyumba yake na ya Mwanasiti hapo Ushongo zilikuwa pua na mdomo. Alikuwa Mkatoliki, binti wa wakata mkonge, na tangu Hatibu, mume wa Mwanasiti, azikwe alikuwa akija kila asubuhi kumfagilia mwenzake uwanja na kumchotea maji, kwa kuwa Mwanasiti mwenyewe alikuwa hatoki. Eda yake ilikuwa haijafika hata nusu.

Swali lilimkaa Mwanasiti. Alijua kwamba hatakiwi kuvuka kizingiti bila dharura. Alijua kwamba hatakiwi kujipamba, wala kukaa na wanaume wasio maharimu wake. Habari ya masikio hakuna aliyemwambia, si mawifi zake wala mwalimu wa darasa la kina mama. Na tangu jana yake masikio hayo ndiyo yaliyomnyima raha, maana nje ya dirisha lake, hatua chache kutoka ukutani, jenereta ya gari la Fanueli ilikuwa inawashwa na kuzimika, inawashwa na kuzimika.

"Umeisikia?" Mwanasiti akanong'ona.

"Nani asiyeisikia? Hata kuku wameacha kutaga."

"Sikiliza inavyozimika."

Bibiana akasimamisha ungo. Nje, mashine ikakoroma, ikashika, ikanguruma vizuri kama mtu aliyeshiba akalala. Kisha kimya.

"Imezimika," Bibiana akasema.

"Imezimika vipi?"

"Shoga, kuzimika ni kuzimika. Kuna kuzimika kwa aina?"

"Kupo," Mwanasiti akasema, akasogea karibu na pazia.

* * *

Gari lile lilikuwa nyumba nzima juu ya magurudumu. Lilikuwa na kitanda, jiko, friji na choo, na ubavuni kulikuwa na kijumba cha chuma ambamo mlikaa jenereta. Mwenyewe, Fanueli, alikuwa mtu wa upande wa Amani anayeishi Tanga mjini. Alilikodisha kwa wageni wanaotaka kulala ufukweni leo na msituni kesho. Kukiwa hakuna wageni, gari lilikaa uwanjani kwa Hatibu, na Hatibu ndiye aliyekuwa fundi wake. Wageni nao walipokuja walinunua mikate ya Mwanasiti, walinunua samaki wa shemeji yake Luqmani, na hivyo ndivyo nyumba ilivyokwenda.

Safari hii Fanueli alikuja na wageni wake, akafungua gari, akabonyeza kitufe cha jenereta. Ikawaka. Akaachia kitufe, ikazima. Akabonyeza tena, akashikilia, ikawa inanguruma muda wote kidole kikiwa juu. Akaachia, ikazima. Wageni walivumilia usiku mmoja kwenye joto bila feni, nyama yao ikaharibika kwenye friji, na asubuhi wakahamia hotelini.

Ndipo Fanueli alipokaa barazani, chai ya tangawizi aliyopelekewa ikapoa mbele yake asiiguse, akasema kwa sauti iliyofika hadi njiani ambako watu walikuwa wanapita kwenda kununua pweza.

"Nilimwambia, Hatibu, kama huwezi sema, nipeleke Tanga mjini. Akaniambia naweza. Matokeo yake ndiyo haya. Kafungua mashine nzima, kabadilisha anavyojua yeye, kisha kaniachia msiba."

"Mzee, msiba ni wetu sote," Luqmani akasema taratibu. Luqmani alikuwa mdogo wake Hatibu, mvuvi, mtu wa maneno machache, na sasa ndiye mwanamume wa nyumba ile.

"Sikatai. Mungu amlaze pema. Lakini mimi nasema kazi. Alikuwa fundi wa kubahatisha. Kesho ikizima mashine ya mwingine aliyoitengeneza, naye aambiwe nini? Nimeshawaambia wenzangu wenye magari Pangani, alichokishika marehemu kifunguliwe chote, kiangaliwe upya."

Nyuma ya pazia, Mwanasiti alikuwa ameshika birika. Alingoja amsikie shemeji yake.

"Labda mkono ulimteleza," Luqmani akasema. "Siku zile alikuwa mgonjwa."

Mwanasiti akaweka birika chini polepole, lisitoe sauti.

* * *

Hatibu alikuwa haisikii injini vizuri. Miaka ya kulala chini ya mashine ilikuwa imemla sikio la kulia, na la kushoto lilikuwa linakwenda. Jambo hilo hakulitangaza, maana fundi kiziwi hapewi kazi. Alilofanya ni kuvuta kila mashine hadi karibu na dirisha la jikoni. Mwanasiti akawa anakuna nazi yake huku akimtajia: inakohoa, inapanda na kushuka, inapiga kama kuna kokoto ndani. Yeye ndiye aliyekuwa mkono, mkewe sikio. Watu walidhani mume anampenda mkewe mno, ndiyo maana hataki kufanyia kazi mbali na jiko. Na hilo nalo halikuwa uongo.

Kwa hiyo Mwanasiti aliijua jenereta ile kama anavyojua kikohozi cha mtoto. Aliisikia ilipoharibika mara ya kwanza, akaisikia ilipopona. Jioni ya mwisho kabla Hatibu hajapelekwa hospitali, Mwanasiti alivuta waya kutoka garini akapiga pasi kanzu ya Ijumaa ya mumewe kwa umeme wa mashine hiyohiyo, nayo haikutetereka. Fundi wa kubahatisha hapati hilo. Sasa kitu gani kimeingia kati ya jioni ile na leo?

Alijiuliza usiku huo baada ya kusali. Hakuwa na hasira sana. Alichokuwa nacho ni udadisi unaowasha, kama mtu aliyeficha kitu mwenyewe akasahau wapi. Na akajiuliza pia la pili, zito zaidi: mwanamke aliye edani anaruhusiwa kusemesha fundi mgeni kupitia dirisha? Akapima. Kuzungumza kwa haja hakujakatazwa, pazia likiwepo na maneno yakiwa ya heshima. Na kama kumwondolea maiti neno baya si haja, basi hakujua haja ni nini.

* * *

Fundi aliyeletwa na Fanueli aliitwa Nasri, kijana mwenye mkoba wa ngozi na kipimo cha umeme chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Alipofika alianza kwa kuwapa pole wafiwa, jambo lililompendeza Mwanasiti hata kabla hajamsikia akishika spana.

Alianza na mafuta. Akabadilisha chujio, akapuliza mpira wa petroli kwa mdomo. Ikawaka, akaachia, ikazima. Akapima oili ya injini, akaona gurudumu moja limezama mchangani na gari limelala upande. "Mashine hizi zikiinama zinadhani hazina oili, zinajizima zenyewe," akamweleza Fanueli. Wakatafuta vipande vya mbao na shina la mnazi, Luqmani akasukuma kwa bega hadi mishipa ya shingo ikamtoka, gari likasimama sawa. Ikawaka, ikazima.

"Umeona?" Fanueli akasema. "Huko ndani kumevurugwa."

Mwanasiti akakohoa kidogo nyuma ya pazia.

"Fundi, samahani."

Nje spana ikawekwa chini. Kisha Nasri akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Naomba nikuulize, maana mimi niko humu, nasikia tu. Mafuta yakikatika, injini si hukohoa kwanza? Hupwaya, ikashuka, ndipo ikafa. Hii haikohoi. Inakatwa."

Fanueli akacheka puani. "Mama, tuachie mafundi."

"Ngoja, mzee," Nasri akasema. Akabonyeza, akaachia, akainamisha kichwa. Akarudia. "Kweli. Inakatwa. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye mpira wa petroli, sikuisikiliza. Kwa hiyo ni umeme, mama. Marehemu alikuwa anakufundisha?"

"Alikuwa ananiuliza," Mwanasiti akasema. "Mimi namjibu. Nadhani ni waya wa athi. Chumvi ya huku huula pale unapokazwa kwenye chuma cha gari."

Nasri akaufungua waya wa athi, akaukwangua ukang'aa, akaukaza. Wote wakangoja. Ikawaka. Akaachia, ikazima palepale.

"Basi hapo nimekosea," Mwanasiti akasema.

"Haidhuru. Hata mimi ningeanzia hapo."

Bibiana, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua mchicha ambao ulishachambuliwa mara mbili, akamsogelea. "Muulize lingine," akanong'ona. "Mbona umenyamaza? Mimi nimeacha sufuria jikoni kwa ajili ya hii."

Mwanasiti akafumba macho. Alijaribu kukumbuka si maneno ya Hatibu, bali mpangilio wake, alivyokuwa akienda toka kitu hadi kitu kama mtu anayefungua milango ya nyumba moja.

"Fundi, ukishikilia kitufe, inanguruma. Sasa inaponguruma, inatoa umeme? Friji inapata?"

Nasri akainuka. Akamwomba Luqmani ashikilie kitufe, naye akachomeka kipimo chake kwenye soketi ya gari.

"Haitoi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyeona mkia wa kitu kikiingia shimoni. "Inazunguka bure. Hakuna kitu humu. Sikilizeni basi. Humu ndani kuna bodi ndogo, ndiyo akili ya mashine. Ukibonyeza, betri inaibeba. Ukiachia, ile bodi inauliza: je, umeme umeshaanza kutoka? Ikijibiwa ndiyo, inaiacha iendelee. Ikijibiwa kimya, inaikata. Kwa hiyo kuzimika si ugonjwa. Kuzimika ni mashine inajilinda."

"Na ugonjwa?" Fanueli akauliza. Alikuwa amesogea bila kujijua, ameinama pamoja nao.

"Ugonjwa ni kwa nini haitoi umeme. Ama koili, zile nyaya zilizoviringishwa, zimeungua, ama kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme, hazigusi pete zake."

"Koili zikiungua zinanuka," Mwanasiti akasema kutoka ndani. "Harufu yake haiondoki upesi. Kuna harufu?"

Akasikia spana, akasikia skrubu zikianguka ndani ya kopo moja baada ya nyingine, akasikia kifuniko kikitoka. Kisha akamsikia Nasri akivuta pumzi kwa pua.

"Harufu ipo," Nasri akasema.

Mwanasiti akashika ukingo wa dirisha. Kama koili zimeungua, basi Hatibu alifunga vibaya, na yote yaliyosemwa barazani yalikuwa haki. Alitaka kujua, na ghafla hakutaka.

"Ya kuungua?" akauliza.

"Hapana. Inanuka kama... Mzee, njoo unuse."

"Samaki," Fanueli akasema, akakunja uso. "Mashine inanuka samaki aliyeoza?"

"Mafuta ya papa," Nasri akasema. "Yale wanayopaka vyombo visioze. Humu kumepakwa kote. Nati, nyaya, hadi kwenye pete za shaba. Tazama. Kaboni ni mpya kabisa, springi zake nzima, kazifunga mtu anayejua kazi. Lakini pete hizi hutakiwa ziwe kavu, maana umeme unapita hapo, kaboni ikigusa shaba. Sasa mafuta yameganda na vumbi la kaboni, yamekuwa kama lami. Kaboni zimenata, hazifiki."

Bibiana akaacha mchicha. Alimtazama Mwanasiti, kisha akamshika goti.

"Shoga," akasema chini kabisa. "Siku zile za matanga. Nilimwona shemeji yako kajilaza ubavuni mwa gari, ana kopo na tambara. Nilidhani anatafuta yai la kuku."

Picha ilimjia Mwanasiti yote kwa mara moja. Luqmani alipaka mafuta ya papa kwenye kila msumari wa mashua yake, na mashua ile haikuwahi kuingiwa na kutu. Aliachiwa gari la watu, amana, pepo zinavuma na chumvi zinaganda juu ya kila chuma. Angefanya nini mtu kama yeye? Alitoa kilicho bora alichokuwa nacho, akakipaka hata pasipofikiwa na macho.

Na nje, Luqmani alikuwa hasemi.

* * *

Nasri alisafisha kwa spiriti na tambara, kisha kwa msasa laini, polepole, mpaka shaba ikarudi rangi yake. Akazitoa kaboni, akazifuta, akazirudisha zikawa zinapanda na kushuka kwenye nyumba zake bila kukwama. Alimwita Fanueli abonyeze mwenyewe.

Ikawaka. Fanueli akaachia. Ikaendelea.

Walisikiliza tu, na Mwanasiti naye akasikiliza, akaisikia inapanda kidogo friji ilipoingia kazini, kisha inatulia. Ilikuwa sauti ileile ya jioni ya pasi. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Haya," Fanueli akasema, akapangusa mikono. Uso wake ulikuwa umefunguka, sauti yake imelainika, na kama kawaida yake ilifika njiani. "Mungu ni mwema. Kumbe ni jambo dogo. Mama, umenisikia huko ndani? Mimi sina kinyongo. Marehemu alikuwa mgonjwa, alitaka kulinda mashine, akapaka alichokuwa nacho. Hakujua. Nimemsamehe, na wenzangu nitawaambia wamsamehe."

Nasri akaanza kukusanya spana zake. Kwenye njia, wanawake wawili waliokuwa wamesimama kutazama wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Na wewe Luqmani," Fanueli akaendelea, akamwekea mkono begani, "umefanya kazi leo, nimekuona. Kuanzia sasa gari hili liko chini yako. Funguo nitakuachia wewe. Wageni wakija, wewe ndiye mwenyeji wao. Sawa?"

"Ahsante, mzee," Luqmani akasema.

Bibiana alimgusa mwenzake kwa kiwiko. "Sema."

Mwanasiti akatikisa kichwa. Kusema kulikuwa rahisi, lilikuwa jina moja tu. Lakini Luqmani ndiye aliyemshusha Hatibu kaburini kwa mikono yake. Luqmani ndiye aliyeacha samaki mlangoni kila alfajiri, akabisha mara moja na kuondoka kabla hajafunguliwa, ili asimwaibishe mjane. Na kumvua nguo mtu kama huyo mbele ya wageni na wapita njia, katika siku ambazo yeye mwenyewe alitakiwa kutuliza ulimi, hilo halikumkaa moyoni. Lakini msamaha ule pia haukumkaa. Msamaha wa kosa usilotenda ni kosa unalobebeshwa mara ya pili, na marehemu hana mdomo wa kuukataa.

Akasogea hadi shavu likagusa pazia.

"Shemeji."

"Labeka, shemeji."

"Siku marehemu alipokifunga kile kifuniko, mimi nilikuwa humu, nilisikia tu. Wewe ulikuwepo, ulimshikia bisibisi. Mimi sikuona. Wewe uliona. Alipokifunga, mle ndani palikuwa na mafuta, au palikuwa pakavu?"

Jenereta ilikuwa inanguruma. Nasri aliacha kufunga mkoba wake. Fanueli alikuwa bado na mkono wake begani mwa Luqmani, na Mwanasiti aliuona ule mkono kama kivuli kwenye kitambaa.

"Kuna nini?" Fanueli akauliza. "Jambo si limekwisha?"

Luqmani akageukia pazia.

"Pakavu," Luqmani akasema.

"Sijasikia," Fanueli akasema.

"Palikuwa pakavu. Kaka aliniambia hapa pasiguswe hata kwa kidole. Nilidhani anasema pasiguswe na watoto." Akamgeukia Fanueli. "Alipokufa niliona chumvi inakula vyuma, nikasema nisiache mali yako ioze. Mafuta ni yangu. Nilipaka mimi."

Mkono ukaondoka begani.

"Na siku zote hizi," Fanueli akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika njiani, "mimi nimekaa hapo namsema ndugu yako, na wewe uko pembeni yangu unaniitikia?"

Mwanasiti alingoja. Alijua jibu lipo, na lilikuwa refu. Lilikuwa na woga wa mtu aliyeachiwa nyumba mbili azilishe, na aibu, na kutokujua mpaka leo mchana kwamba mkono wake ndio uliofanya. Kama Luqmani angelisema, Mwanasiti angelipokea lote. Alisogeza vidole kwenye ukingo wa pazia, akavirudisha.

Luqmani akainama, akavaa ndala zake. Akautazama ufunguo ambao Fanueli alikuwa ameutoa mfukoni, asiushike. Kisha akapita kati ya Nasri na mkoba wake, akawapita wanawake waliokuwa wamesimama njiani, akaenda zake bila kusema neno jingine.